Kupanda Lavenda na Vichaka vya Maua katika Bustani ya Umma Jijini Nairobi

Asili ya lavenda, kichaka kidogo chenye maua yanayonukia, ni miteremko mikavu yenye mawe iliyo kando ya Bahari ya Mediterania, na kwa sababu hiyo jua la Nairobi haliisumbui hata kidogo. Kinachoiua ni maji yanayotuama kwenye mizizi wakati wa masika. Kabla ya kununua mche wowote, chimba shimo la kina cha sentimita 40, ulijaze maji, yakishanywea ulijaze tena, kisha urudi baada ya saa chache. Ukiyakuta bado yamesimama, inua tuta la sentimita 20 hadi 30 lenye changarawe. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mashariki mwa jiji huhitaji tuta karibu kila mara, ilhali ule mwekundu hupitisha maji vizuri lakini aghalabu huwa na asidi, hivyo upimwe na kuongezwa chokaa ya kilimo inapobidi. Samadi iwe haba, kwa kuwa lavenda iliyoshiba hutoa majani mengi na maua machache.

Kati ya aina zilizopo, ningechagua Lavandula dentata, yenye kingo za majani zilizochongoka kama meno, kwa sababu haidai majira ya baridi kali ili ichanue. Miche huoteshwa kwa vipandikizi: kata kichomozi, yaani kitawi kichanga, kisicho na ua, chenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, uyaondoe majani ya nusu ya chini na ukichomeke katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki 4 hadi 6 kivute taratibu. Kikikaza, kimeshika mizizi. Miche ipandwe mvua zinapoanza, ikiachana sentimita 60 hadi 90, mahali penye jua la saa sita au zaidi.

Vichaka vingine vipangwe kwa kiu yake. Plumbago na bogenvilia huvumilia ukame, kwa hiyo vinaweza kuwa jirani wa lavenda, mradi bogenvilia isogezwe mbali na njia kwa sababu ya miiba. Hibiskasi hupenda maji zaidi na ipewe kitalu chake karibu na bomba. Oleanda, pamoja na uzuri wake wote, ina sumu katika kila sehemu, na sioni sababu ya kuipanda wanapocheza watoto. Lantana nayo iachwe, maana ndege huzisambaza mbegu zake hadi msituni.

Maua yakinyauka, pogoa theluthi moja ya kichaka bila kufikia sehemu ngumu ya shina isiyo na majani, kwani hapo lavenda haichipui tena. Wageni nao watachuma maua, watake wasitake wasimamizi; panda mashina ya ziada karibu na mabenchi, na kila mwaka uoteshe vipandikizi vya kuziba mapengo.