Namba ndogo ndiyo nzito: jinsi ya kusoma logi za seva

Afisini kwetu, karibu na Kilindini, tunashughulikia makaratasi ya kontena, na mafaili yote yamo ndani ya seva moja ya Linux. Kila asubuhi, kabla madereva hawajaanza kupiga simu, nasoma logi zake, yaani kumbukumbu ambazo seva huandika za yale yanayotokea ndani yake.

Kila ujumbe wa logi hupewa ngazi ya uzito. Ngazi hizo ni nane, 0 hadi 7, kama zilivyopangwa katika RFC 5424, hati ya kanuni za ujumbe wa logi ya mwaka 2009. Namba ikipungua, mambo yamezidi kuharibika. 0 maana yake mfumo hautumiki kabisa. 1 inataka mtu achukue hatua papo hapo. 2 ni hali mahututi, 3 kosa, 4 onyo. 5 ni jambo la kawaida lakini la kutupiwa jicho, 6 taarifa tu, na 7 ni ya mafundi wanaosaka hitilafu. Andika amri hii kwenye seva, `journalctl -p 3 --since today`, upate ujumbe wa 0 mpaka 3 wa leo. Anzia hapo.

Ila usiishie hapo, tafadhali. Uzito huo huwekwa na aliyeandika programu, naye aliwaza afya ya programu yake, hakumuwaza mwizi. Tazama ujumbe huu unavyosafiri kwenda seva ya logi:

`<38> ... sshd[2214]: Failed password for root`

Yaani sshd, programu ya kuingilia seva kwa mbali, imekataa nenosiri la root, akaunti kuu ya seva. Gawanya 38 kwa 8: unapata 4, inabaki 6. Ile 4 ni chanzo, yaani mambo ya usalama na kuingia. 6 iliyobaki ndiyo uzito. Mtu akikosea nenosiri ni taarifa tu. Akipatia, "Accepted password", ni 6 vilevile!

Mwaka jana nilikuwa nikisoma 0 hadi 3 peke yake, na kila siku kweupe. Kumbe kuna mtu alikuwa akijaribu maneno ya siri usiku kucha, hata akapatia la karani wetu. Logi iliandika 23:10 kwa saa za UTC. Ongeza saa tatu upate saa za hapa kwetu: saa nane na dakika kumi usiku, karani yuko kwake Likoni, amelala.

Kwa hivyo baada ya kusoma 0 hadi 3, hesabu majaribio yaliyokataliwa katika faili la logi za kuingia:

`grep -c "Failed password" /var/log/auth.log`

Kisha tafuta "Accepted" na usome jina, anwani na saa, mstari kwa mstari. Nikiona saa isiyo ya kazi, nampigia mwenye jina kabla sijanywa chai.