Nyongeza na bonasi ya yaya wako Kisumu ukiwa ughaibuni

Mshahara wa yaya anayelea watoto wako Kisumu upange kwa shilingi, usiupange kwa dola wala pauni. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyezoea kutuma dola 100 kila mwezi aliona hajabadilisha chochote, kumbe yaya aliyekuwa akipata 16,000 alibaki na 13,000, chini ya kiwango cha sheria, na watoto aliowalea walikuwa wale wale. Sarafu ikiyumba, mzigo huo uubebe wewe mwajiri.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliongeza kima cha chini kwa asilimia 6. Kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Kisumu kikawa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Vijijini kiwango ni kama nusu ya hicho, ndiyo maana jamaa zako wa Siaya au Vihiga wanaweza kukwambia unalipa kupita kiasi. Kila Mei Mosi sikiliza kama kuna tangazo jipya, kisha ngoja amri yenyewe ichapishwe. Kama yaya hakai kwenu usiku, anatoka mtaa wa Nyalenda asubuhi na kurudi jioni, kuna posho ya nyumba ya asilimia 15, kwa hiyo kwa kiwango hicho unakaribia 18,530. Kumfikisha hapo usikuite nyongeza. Hiyo ni haki yake tangu mwanzo.

Nyongeza yenyewe ikague mwezi ule ule kila mwaka, na uangalie kazi kabla ya kuangalia bei za vitu. Katika nyumba zetu sisi tulio ughaibuni kazi hukua kimyakimya. Yaya aliajiriwa amwangalie mtoto mmoja. Akazaliwa wa pili. Nyanya wanayekaa naye akaanza kuugua sukari, na sasa yaya ndiye anayekumbuka dawa na miadi ya kliniki. Ndiye anayenunua tokeni za stima, anayemfungulia fundi wa mabomba, anayekwenda shuleni mwalimu akiita wazazi. Mtu huyo anashikilia nafasi yako, na inauma kuona analipwa kama siku aliyoingia. Mwaka wa kawaida mimi naona asilimia 8 hadi 10 inatosha. Kazi ikibadilika, hesabu upya: asilimia 20 si nyingi, na ianze mwezi kazi ilipobadilika bila kungoja Januari.

Utajuaje kama kazi imebadilika? Muulize mwenyewe, kwa simu, wakati watoto wamelala: "Mama Junior, hebu nieleze siku yako inavyokwenda, tangu unapoamka." Msikilize hadi mwisho kabla ya kutaja pesa.

Kisha zungumza na nyanya, maana nyumba ni yake. "Mama, nimeonelea tumwongeze dada kuanzia Januari. Ningependa wewe ndiwe umwambie." Heshima ya nyanya inabaki, na yaya anajua aliye karibu naye ameiona kazi yake. Lakini pesa itume moja kwa moja kwenye simu ya yaya. Ikipitia kwa ndugu, siku moja itacheleweshwa na dharura ya mtu mwingine.

Ukitaja kiasi, sema kama ni kabla au baada ya makato. Kwenye 18,000, NSSF, yaani akiba ya uzeeni, inachukua 1,080, bima ya afya ya SHA 495, na ushuru wa nyumba 270. Mkononi inabaki 16,155. Wewe unaongeza 1,350 juu, yaani NSSF na ushuru wa nyumba kwa upande wa mwajiri. Kodi ya mapato haimfikii, kwa kuwa mshahara wake uko chini ya 24,000. Ukimwongeza bila kumweleza haya, ataona umemwahidi kimoja ukampa kingine.

Bonasi iwe kando kabisa na nyongeza. Sheria haikulazimishi kuitoa, ila likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo inakulazimisha, hivyo usimhesabie likizo kama bonasi. Simu au nguo ulizoleta kwenye sanduku ni zawadi, zisichukue nafasi ya pesa. Kwa aliyemaliza mwaka, mshahara wa mwezi mmoja ni kiasi cha heshima. Nusu yake kama hali ni ngumu. Ningeigawa mara mbili. Sehemu ya kwanza apate kabla ya nauli za kwenda Busia au Homa Bay kupanda kwa ajili ya Krismasi. Ya pili aipate wiki shule zinapofunguliwa Januari, maana mayaya wengi nao ni mama na wana karo ya kulipa. Mwambie kiasi hicho mapema, hata Oktoba, asije akakopa kwa riba pesa zilizokuwa njiani.

Mwaka ukikubana, mwambie mapema na umpe sababu. Unaweza kumpunguzia kazi: tafuta mtu wa kufua mara mbili kwa wiki, au nyanya apate msaidizi wa usiku. Mkishakubaliana, iwe ni pesa au nafuu ya kazi, andika kwenye WhatsApp: kiasi kipya, mwezi kinapoanza, makato yakoje, na lini mtazungumza tena.