Somo: Jinsi ya kusoma historia ya spliti za hisa za CSX na kujua mwanahisa wa miaka mingi amevuna nini

Wakuu habari zenu. Naona wengi siku hizi mnanunua hisa za Marekani kupitia simu, na kuna kitu kinachanganya watu kila siku, mtu anafungua chati ya kampuni kongwe anakuta mwaka 1996 bei ilikuwa dola mbili na kitu, anaanza kusema zamani hisa zilikuwa bwerere. Hazikuwa bwerere wakuu. Hisa moja ya wakati ule imeshagawanywa kuwa hisa kadhaa (hiyo ndiyo spliti), kwa hiyo bei ile nayo imegawanywa kurudi nyuma ili ilingane na hisa za leo, na usipolijua hilo kila hesabu utakayopiga itakuwa kombo.

Leo tutumie CSX, kampuni ya reli yenye makao Jacksonville, Florida, iliyozaliwa Novemba 1980 baada ya kampuni mbili za reli, Chessie System na Seaboard Coast Line, kuungana. Inabeba makaa ya mawe, kemikali, nafaka na makontena upande wa mashariki mwa Marekani. Nimeichagua kwa sababu imesplit mara kadhaa na kila spliti ina stori nyuma yake.

Spliti yenyewe ni sawa na kuchenji noti ya elfu kumi ukapewa elfu tano mbili, hela ni ileile. Tuendelee.

Hatua ya 1: Andika spliti zote kwa mpangilio, kisha zidisha

Tuanzie miaka ya 90. Desemba 1995 hisa moja ikawa mbili. Agosti 2006 moja ikawa mbili tena. Mwishoni mwa Mei 2011 moja ikawa tatu, na mwishoni mwa Juni 2021 moja ikawa tatu. Sasa usijumlishe, ZIDISHA: 2 × 2 × 3 × 3 = 36. Yaani aliyekuwa na hisa 10 kabla ya Desemba 1995 na hakugusa kitu, akawa na 20, halafu 40, halafu 120, leo ana 360.

Angalia pia ile nafasi kati ya 1995 na 2006, miaka karibu kumi na moja bila spliti, na haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1999 CSX na mshindani wake Norfolk Southern waligawana reli za kampuni nyingine iitwayo Conrail, CSX ikachukua asilimia 42, madeni yakaja, treni zikakwama, na hisa haikwenda popote kwa muda mrefu. Kampuni husplit bei ikishapanda, kwa hiyo ukiona pengo refu nenda kaulize kulitokea nini hapo.

Hatua ya 2: Rekebisha bei ya zamani

Tuseme (huu ni mfano tu wa hesabu) umekuta karatasi ya mzee inaonyesha alinunua kwa dola 90 kabla ya spliti ya 1995. Leo tuseme bei ni dola 35. Ukilinganisha kichwa kichwa utasema mzee kapoteza zaidi ya asilimia 60. Sasa gawanya 90 kwa 36, unapata 2.50. Kutoka 2.50 mpaka 35 ni mara 14! Karatasi ni ileile, mzee ni yuleyule, ila jibu limegeuka kabisa, na hapa ndipo familia inaweza kufanya uamuzi mbaya kuhusu urithi bila kujua.

Ukitaka wastani wa kila mwaka, mara 14 kwa miaka 30 ni kama asilimia 9.2 kwa mwaka, na hapo gawio (sehemu ya faida ambayo kampuni inawalipa wanahisa) bado halijaingia.

Hatua ya 3: Gawio, na hapa tuwe makini sana

Kabla ya spliti ya 2021 CSX ilikuwa inalipa senti 28 kwa hisa kila robo mwaka. Baada ya spliti ikawa senti 9.3. Mtu akiona hivyo anasema wamepunguza gawio. Hapana, 28 gawanya kwa 3 ni 9.3, na wewe una hisa mara tatu, unapokea kilekile.

Lakini kuna kupunguza kwa kweli. Mwaka 2000 gawio la mwaka mzima lilikuwa dola 1.20 kwa hisa, mwaka 2002 likawa senti 40, na hapo katikati HAKUNA spliti. Hilo ni panga la kweli, ni yale madhara ya Conrail niliyosema. Kwa hiyo kila ukiona gawio limeshuka, rudi kwenye orodha yako ya hatua ya 1, tarehe ikigongana na spliti tulia, isipogongana chimba.

Na kama mwanahisa alikuwa anarudisha gawio kununua hisa zaidi, atakuwa na zaidi ya zile 360, kwa miaka 30 tofauti inakuwa kubwa mno.

Hatua ya 4: Hesabu hisa zote za kampuni

Wengi wanaruka hapa, mimi naona ndiyo penye utajiri wenyewe. Baada ya spliti ya 2011 CSX ilikuwa na hisa karibu bilioni 1.1. Kufika mwanzoni mwa 2021 zilibaki kama milioni 760, kwa sababu kampuni ilikuwa inanunua hisa zake yenyewe na kuzifuta. Maana yake wewe uliyekaa na hisa zako 120 bila kuongeza hata moja, kipande chako cha kampuni kimekua zaidi ya theluthi. Spliti haikukupa hicho, kimeletwa na pesa iliyotoka kwenye treni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikisikia kampuni imetangaza spliti nikimbilie kununua kabla?
Hapana ndugu, usinunue kwa sababu hiyo peke yake. Kilichoisukuma CSX sana ni kama kile cha Januari 2017, iliposikika kwamba Hunter Harrison, bosi mkongwe wa kampuni za reli, anataka kwenda kuiongoza, hisa ilipanda zaidi ya asilimia 20 siku moja, watu walijua namna anavyobana gharama za reli. Hakukuwa na spliti yoyote siku hiyo.

Naishi Mwanza, gawio langu linakuja pungufu, broka ananiibia?
Dada yangu, hiyo ni kodi ya Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo wanakata asilimia 30 ya gawio kabla halijakufikia. Kenya vilevile. Kwenye hesabu yako ya hatua ya 3 tumia asilimia 70 ya gawio.

Hesabu hii inafaa na kwa hisa za Nairobi?
Inafaa kabisa. KCB walisplit moja kwa kumi mwaka 2007, Equity wakafanya hivyohivyo 2009. Mwenye cheti cha kabla ya hapo azidishe kwa 10 kwanza, halafu aangalie kama kuna hisa za bonasi (hisa za nyongeza ambazo kampuni inawapa wanahisa bure).

Mbona BNSF siioni sokoni na ni reli kubwa?
Ilinunuliwa yote na Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Warren Buffett, dili likafungwa Februari 2010 kwa dola 100 kwa hisa. Ili kuwalipa wanahisa wadogo waliotaka hisa, Berkshire wakasplit hisa zao za daraja B (zile za bei ndogo kuliko za daraja A) moja kwa hamsini Januari ile, bei ikatoka zaidi ya dola 3,000 hadi kama 70. Kwa hiyo mwenye karatasi ya B ya kabla ya 2010 azidishe kwa 50.