Kitabu chako cha mapishi kianze na mafuta

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili. Kabla hujaandika pishi hata moja, tenga kurasa nne za mwanzo kwa ajili ya mafuta, maana jiko la Kigoma lina mawese, mise (mafuta ya kokwa za chikichi), alizeti na karanga, na kila moja lina kazi yake. Anayeandika "weka mafuta kiasi" hajamwelekeza mtu. Taja aina, taja na vijiko.

Vijiko vya nyumbani havilingani, kwa hiyo kipime chako kwanza. Jaza maji kwenye chupa ya nusu lita huku ukihesabu: ikijaa kwa vijiko 33 hivi, kijiko chako ni cha mililita 15, ikifika 50, ni cha mililita 10. Andika hesabu hiyo ukurasa wa kwanza. Kijiko cha mililita 15 kina kalori 120 hivi, yawe mawese au alizeti. Vijiko viwili kwa mtu kwa siku vinatosha kabisa, na kwa kipimo hicho kaya ya watu 6 hukaa na lita moja siku tano na nusu. Lita ikiisha siku ya tatu, tafuta inakomwagikia. Mara nyingi ni kwenye kukaangia.

Mawese yapewe ukurasa mzima. Wekundu wake ni viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta yenye asili ya kuganda, yale yanayopandisha kolesteroli kwenye damu, kwa hiyo yasiwe mafuta ya kila chungu. Wengi huyachoma mpaka yafuke moshi na kuwa meupe ili kuondoa harufu. Hapo umeteketeza kilicho bora na kubaki na kile cha kuogopa. Ukinunua, onja tone: yakikwaruza koo, chikichi zilikaa siku nyingi zikipondeka kabla ya kuchemshwa, na asidi imepanda. Kuganda kwenye chupa si dalili ya kuchakachuliwa. Baridi ya Kasulu inatosha kuyagandisha.

Mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kokwa, ni habari nyingine: takriban asilimia 80 ni ya kuganda. Yaache yaende kwenye sabuni.

Alizeti yana sehemu ndogo ya kuganda, kama asilimia 11, nayo ndiyo ya kukaangia mboga kila siku. Yale ya kukamua mtaani yana masimbi. Yaache yatulie siku tatu, umimine ya juu. Yasipochujwa huwahi kutoa moshi, hivyo kukaangia samaki tumia yaliyosafishwa kiwandani. Maandishi ya "hayana kolesteroli" kwenye dumu yasikubabaishe, kwani mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika.

Mwenye jiko Tabora anaweza kuacha chupa kabisa kwenye mboga za majani: karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, basi vijiko vinne vya karanga zilizotwangwa vinatosha sufuria. Chagua moja moja. Yenye ukungu au iliyosinyaa itupe, kwa kuwa sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Sasa ukurasa wa pishi uwe hivi:

Sombe ya dagaa, watu 6. Majani machanga ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakalainika, vikombe 4. Maji vikombe 4. Dagaa wakavu kikombe 1, waoshwe mara tatu kwa maji ya vuguvugu, mchanga ubaki chini. Kitunguu, chumvi. Mawese vijiko 3. Chemsha majani saa nzima bila mfuniko, ili sumu ya muhogo itoke na mvuke, ukiongeza maji yakipungua. Tia dagaa na kitunguu, dakika 15. Mawese yaingie dakika 10 za mwisho. Yakitangulia, wekundu unafifia na faida yake inapungua.

Chini ya kila pishi acha mistari mitatu ya "kinachoharibika". Kwa migebuka ya kukaanga andika: samaki akaushwe kwa kitambaa, maji yanarusha mafuta na kuyachosha. Tumbukiza mpini wa mwiko mkavu. Vipovu vikiuzunguka, mafuta yako tayari. Yakiwa baridi, samaki anayanywa. Baada ya kukaanga chuja kwa kitambaa, rudia mara moja au mbili tu, na uyamwage yakiwa meusi, yakitoa povu au yakifuka moshi mapema.

Chupa ikae kabatini mbali na jiko, imejaa hadi shingoni. Jua na hewa ndivyo vinavyochachisha mafuta. Usinunue iliyoanikwa mchana kutwa kando ya barabara. Andika tarehe ya kufungua kwenye kipande cha plasta, bandika kwenye chupa.