Meli ikifunga gati Unguja, zunguka Mji Mkongwe kwa miguu

Meli ikishafunga gati pale Malindi usikimbilie teksi jamani, Mji Mkongwe uko hapo hapo nje ya geti. Shika barabara ya Mizingani, bahari iwe kulia kwako, utapita Dispensari ya zamani yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, halafu Mti Mkubwa, halafu Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, aliyoijenga Sultani Barghash 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 na kwa kweli inauma kuiangalia. Ngome Kongwe iko jirani, ingia.

Kisha kata vichochoroni, utamu wenyewe ndo uko huku. Kupotea utapotea, usihofu, uliza tu soko la Darajani ni wapi ila anza na salamu, watu hawapendi kuvamiwa na maswali bila hata shikamoo. Tazama milango, miimo imechongwa minyororo na maua, zile njumu za shaba ukizigusa asubuhi bado zina ubaridi. Ukisikia honi ya vespa jibanze ukutani.

Mkunazini usikose, kanisa la Anglikana limesimama palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, kaa kimya kidogo pale.

Funika mabega na magoti, beba maji, na uwe umerudi getini saa nzima kabla meli haijaondoka.