Kabla Mtoto Hajachukua Baiolojia ya AP Mapema: Mambo ya Kuzingatia

Kati ya Januari na Machi shule nyingi za sekondari za Marekani huwataka wanafunzi wachague masomo ya mwaka unaofuata, na ndipo inapoletwa nyumbani ile fomu inayomwalika mtoto wa darasa la 9 achukue Baiolojia ya AP (Advanced Placement, yaani masomo ya kiwango cha chuo) mara aingiapo darasa la 10, ilhali wenzake wengi huichukua wakiwa darasa la 11 au la 12. Kwa mzazi aliyesomea Tanzania, Kenya au Kongo mwaliko huo ni heshima, na wengi wetu huweka sahihi kabla chai haijapoa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watoto wa jamaa zetu masomo ya sayansi siku za Jumamosi, na nimeona kwamba swali tunaloulizana sana, yaani kama mtoto ana akili za kutosha, lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. La kuuliza kwanza ni mtoto huyo amekwisha kupita wapi.

AP ni mpango wa College Board, chombo kilekile kinachotunga SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, na masomo yake hufundishwa sekondari kwa kiwango kinacholingana na mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Kila mwezi wa Mei hufanyika mtihani ambao alama zake huanzia 1 hadi 5. Haifai kuufananisha mpango huu na kidato cha tano na cha sita, kwa sababu mtoto hahamii mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) wala wa aina nyingine. Anachukua somo moja la kiwango cha juu huku masomo yake mengine yakiendelea kama kawaida.

Sasa nije kwenye kemia, ambayo ndiyo inayowaangusha wengi. Kwetu Tanzania mtoto wa kidato cha kwanza aliweza kubeba madaftari ya baiolojia, kemia na fizikia katika mkoba mmoja, na hadi anafika kidato cha nne alikuwa ameisoma kemia miaka minne bila kujua kuwa hilo ni jambo la kushangaza. Shule nyingi za Marekani hufundisha sayansi moja kwa mwaka: mara nyingi baiolojia huwa darasa la 9, kemia la 10 na fizikia la 11, ingawa mpangilio hutofautiana kati ya wilaya na wilaya. Maana yake ni kwamba mtoto anayeruka kutoka baiolojia ya kawaida ya darasa la 9 hadi ile ya AP katika darasa la 10 anaweza kuingia darasani bila kuwahi kusoma kemia hata siku moja. College Board yenyewe inapendekeza mwanafunzi awe amefaulu baiolojia na kemia za sekondari kabla ya kuanza, lakini hilo ni pendekezo tu, na shule inaweza kumruhusu mtoto bila kulitimiza. Mzazi hataambiwa asipouliza. Wakati huohuo, mada ya kwanza kabisa katika mada nane za somo hili ni kemia ya uhai: maji na viunganishi vyake vya hidrojeni, kaboni, protini, wanga, mafuta na asidi za viini.

Mfano mmoja utaeleza zaidi. Katika jaribio linalofanywa na shule nyingi, mwanafunzi hukata vipande vya kiazi mviringo vilivyo sawa, akavipima uzito kimoja kimoja, kisha akavitumbukiza katika vikombe vyenye maji yaliyotiwa sukari kwa viwango mbalimbali na kuviacha hadi kesho yake. Vilivyolala katika maji matupu hukutwa vimejaa na kuwa vigumu, na vilivyolala katika sukari kali huwa vimelegea na kupungua uzito. Mama yeyote aliyewahi kutia chumvi kwenye kachumbari mapema mno akakuta bakuli limejaa maji anaijua kanuni hiyo. Mpaka hapo mtoto hana shida. Shida huanza anapotakiwa kuchora grafu ya mabadiliko ya uzito kwa asilimia, kutafuta mahali mstari unapokata sifuri, kisha kutumia kiwango hicho cha sukari kukokotoa ile inayoitwa potensheli ya maji, yaani kipimo cha maji yanaelekea kuhamia upande gani. Ikiwa mstari umekata kwenye molari 0.3, yaani moli 0.3 za sukari katika kila lita (moli ni kizio cha kemia cha kuhesabia chembe), na joto la chumba ni nyuzi 27 za Selsiasi, yaani 300 za Kelvini, atazidisha 0.3 kwa 0.0831, namba isiyobadilika ya fomula, kwa 300, aweke alama ya kutoa mbele, na kupata takriban bar 7.5 chini ya sifuri (bar ni kizio cha shinikizo). Fomula hiyo hupewa katika mtihani, kwa hiyo hakuna cha kukariri. Kinachotakiwa ni kujua kila herufi inasimamia nini, na kwa nini sukari huhesabiwa 1 wakati chumvi ya mezani, inayogawanyika kuwa ioni mbili, huhesabiwa 2. Nimewahi kukaa na kijana hodari sana aliyeiona herufi M ya molari akadhani ni mita. Akili anazo, hakuna aliyekuwa amemfundisha moli ni nini.

Kwa hiyo, kabla ya kujadili lolote jingine, chukua orodha ya masomo aliyokwisha kusoma na utazame kama kemia imo. Ikiwa haimo, uliza kama anaweza kuisoma wakati wa likizo ya kiangazi au sambamba na AP. Kuisoma sambamba ni afadhali kuliko kuikosa, ila ifahamike kwamba kemia ya kawaida huenda ikafika kwenye moli miezi kadhaa baada ya mwalimu wa AP kuwa ameshaipita.

Jambo la pili ni usomaji. Mtihani huchukua saa tatu: dakika 90 kwa maswali 60 ya kuchagua, na dakika nyingine 90 kwa maswali sita ya kujieleza, mawili marefu na manne mafupi, kila sehemu ikibeba nusu ya alama. Tangu muhtasari wa somo ulipobadilishwa katika mwaka wa masomo wa 2012/13, kukariri kumepunguzwa sana. Swali huanza kwa aya inayoeleza utafiti fulani, pengine juu ya kimeng'enya ambacho mtoto hajawahi kukisikia, kisha linakuja jedwali, halafu anaulizwa ni kundi gani lililotumika kwa kulinganisha na anatabiri nini kitatokea jeni fulani ikizimwa. Sisi tuliofaulu kwa kumeza notisi tunamshauri vibaya mtoto tunapomwambia abukue zaidi. Ikiwa ameishi nchini miaka miwili au mitatu na Kiingereza chake bado ni cha uwanjani, kizingiti chake kitakuwa aya hizo, na mwaka mmoja zaidi wa kusoma una faida kubwa kwake kuliko kwa mwenzake aliyezaliwa hapo. Simaanishi azuiwe, maana nimewaona waliofika wakiwa na Kifaransa cha Kongo wakafanya vizuri mno, lakini wengi wao walisubiri hadi darasa la 11.

La tatu ni saa za nyumbani, na hapa tuseme ukweli kuhusu nyumba zetu. Mzazi yuko zamu ya usiku, mdogo wake anatakiwa kuchukuliwa kwenye basi la shule, chakula cha jioni ni kazi ya mtoto mkubwa, na Jumapili yote ni kanisani. Somo hili lina kitabu kinachoweza kuzidi kurasa elfu moja na ripoti za maabara za kuandika, maana angalau robo ya muda wa darasani inatakiwa iwe ya majaribio. Atakayemruhusu mtoto kulichukua akiwa na miaka 15 aamue pia ni kazi gani ya nyumbani itahamishiwa kwa mtu mwingine, na ni nani huyo.

Ada ya mtihani ni karibu dola 100, familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, na baadhi ya majimbo hulipia kiasi kinachobaki. Muulize mshauri wa wanafunzi mapema, kwa kuwa kujiandikisha hufanyika Novemba, miezi sita kabla ya mtihani wenyewe.

Wazazi wengi huchanganya alama mbili zilizo tofauti. Alama ya mtihani wa Mei ni ya mwanafunzi: anaweza asiitume chuoni ikiwa mbaya, na anaweza kuurudia mtihani mwaka unaofuata. Alama ya darasani, ile inayotolewa na mwalimu, huingia kwenye rekodi na katika GPA, yaani wastani wa alama zake zote, na kubaki humo. Shule nyingi huongeza uzito kwa masomo ya AP, hivyo B ya AP huweza kuhesabiwa kama A ya kawaida, lakini C au D ya darasa la 10 haitafutika kwa sababu mtoto alikuwa mdogo. Kabla ya kuweka sahihi, pata kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kuliacha somo bila rekodi kuguswa, na uhakikishe kuwa darasa la kawaida atakalorudishiwa bado lina nafasi. Familia moja ninayoifahamu iliambiwa kwa mdomo kuwa kijana angeweza kurudi wakati wowote. Walipokwenda Oktoba, madarasa yalikuwa yamejaa.

Yapo pia mawazo ya udaktari, na hapo ndipo haraka yetu inapotoka. Nyumbani mchepuo wa kidato cha tano huamua mengi, kwa kuwa aliyefaulu PCB huingia moja kwa moja katika shahada ya miaka mitano ya udaktari, kama ile ya Muhimbili. Marekani shule za udaktari kwa kawaida hupokea watu waliokwisha kumaliza shahada ya kwanza ya miaka minne, na nyingi kati yake hazitosheki na alama za AP peke yake bali hutaka baiolojia iliyosomwa chuoni. Anayechukua AP darasa la 11, au asiyeichukua kabisa, hajafungiwa mlango wowote.

Kuichukua mapema kuna mantiki pale ambapo mtoto amekwisha kusoma kemia, anasoma aya ngumu bila kusukumwa, na shule ina masomo mengine ya AP, kama kemia na fizikia, ambayo angependa kuyafikia katika miaka miwili ya mwisho. Vilevile, kama shule hulifundisha somo mwaka mmoja na kuliacha mwaka unaofuata, kusubiri kunaweza kuwa kulikosa.

Mwisho, fanyeni jaribio nyumbani. College Board huweka hadharani maswali ya kujieleza ya miaka iliyopita pamoja na miongozo ya kusahihisha. Chapisha swali moja refu, mpe mtoto dakika 25 mezani bila simu, na usitazame sana amepata ngapi, kwa kuwa hajafundishwa. Mtazame anavyolikabili. Binti wa jirani yangu alipata alama 2 kati ya 9, kisha akakaa na mwongozo hadi saa tano usiku akitaka kujua kwa nini grafu yake haikupewa alama, na mama yake akaweka sahihi kesho yake. Kaka yake, mwenye alama nzuri kuliko zake, aliisukuma karatasi upande wa pili wa meza baada ya dakika saba; yeye aliandikishwa kemia ya kawaida, na hakuna aliyemlaumu.