Mbwa anayeogopa watu: mwache aje mwenyewe

Kiraka nilimtoa nyuma ya bucha moja hapa Moshi, mbavu zinahesabika, shingoni ana kovu la kamba. Alipoingia kwangu alijibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa, na kwa siku tisa hakutoka humo mchana. Mimi ni fundi cherehani. Naamini kilichomsaidia ni kazi yangu kuliko ujuzi wowote, maana fundi huinamia nguo yake, hamkodolei mtu macho.

Kabla ya kumleta nyumbani, mpitishe kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu.

Nyumbani mpe kona yenye gunia na maji, umwache. Usimvute atoke, usichungulie kila saa. Kaa karibu na shughuli zako, umpe ubavu badala ya uso. Mimi nilishona tu, redio chini chini.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mbwa koko wa kwetu amesoma somo moja barabara: mtu akiinama, jiwe linakuja. Siku ya sita mkasi ulinidondoka nikauinamia haraka. Kiraka alijikojolea palepale, na tukapoteza siku nne kwa mkasi mmoja. Tangu hapo nikitaka kuokota kitu namwita jina kwanza, halafu nachuchumaa taratibu. Ufagio nao nauburuza, siunyanyui. Hata chakula usimrushie kwa mkono ulioinuliwa; kiteleze sakafuni.

Chakula chenyewe kiwe kitamu kweli. Ugali mkavu haumtoi mwoga mafichoni. Nilichemsha maini ya ng'ombe bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), nikakata vipande vidogo kama kifungo cha shati. Nilipimia tepu yangu ya kazini, mtanicheka: mwanzo aliweza kula nikiwa sentimita 300 kutoka kwake, wiki ya pili 150. Akikataa maini, tatizo si maini, umemsogelea mno. Rudi nyuma bila kununa.

Jifunze kumsoma. Kufyata mkia kila mtu anakujua, lakini tazama pia akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, au akigeuza kichwa huku weupe wa jicho unaonekana. Hapo anakuomba nafasi, mpe. Akinguruma usimpige: ukimfundisha kwamba kunguruma ni kosa, siku nyingine atauma bila kutoa taarifa.

Kumgusa kuje mwisho, na yeye ndiye aanze. Kiraka alininusa kisigino siku ya 17 nami nikaendelea kukanyaga cherehani kama sijasikia, ingawa moyo ulinidunda. Baadaye nikashusha mkono wazi, nikamkuna kifuani, si kichwani, maana mkono unaotoka juu kwake ni kofi. Hesabu tatu, ondoa mkono. Akisogea tena, anataka zaidi. Akibaki alipo, basi kwa leo imetosha.

Wageni ndio mtihani. Wateja wanaojisifu kupenda mbwa walinirudisha nyuma kuliko wote: wanaita, wanapiga miluzi, wanamwinamia. Jirani yangu mmoja hataki mate ya mbwa yamguse kwa sababu ya udhu wake, hivyo hupita mbali kidogo, hamwiti wala hamtazami. Kiraka alimzoea huyo kabla ya wote! Siku hizi mgeni akiingia namwomba afanye kama jirani. Watoto nimewapangia kukaa mkekani kwanza, mikono mapajani, na ni marufuku kukimbia.

Miezi mitano imepita. Kiraka hulala juu ya mguu wangu wa kushoto nikishona, nami nakanyaga pedali kwa mguu mmoja. Mwanamume mwenye fimbo bado hamtaki. Wachungaji wakipita na ng'ombe jioni namfungulia mlango wa ndani, anaingia chini ya meza yake, na wakishapita anatoka mwenyewe.